Ua la Kivulini



Juma lililopita nilipita Amani, Usambara Mashariki, nikitoka kuzika. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Ndani ya msitu ule saa sita mchana hufanana na magharibi, maana miti mirefu hujitwalia karibu mwanga wote, na unaofika chini ni wa kudondoka tu. Kando ya kijito, kwenye ufa wa mwamba, nikaona ua dogo la zambarau.

Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa eneo hilo, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo linapamba madirisha duniani kote, ingawa porini huota Tanzania na Kenya tu. Lakini mimi nilisimamishwa na majani yake. Ni mapana, yana vinyweleo, nayo yamejipanga duara ili kila moja lipate fungu lake la mwanga huo mchache. Ukiyaweka kwenye jua kali yanaungua. Mmea ule haukudumaa, ndivyo ulivyoumbwa.

Hatua chache mbele, gogo bovu lilikuwa limejaa uyoga. Uyoga hautafuti chakula juani. Nyuzi zake hupenya ndani ya mti uliokufa, zikaumeng'enya, zikaurudisha udongoni. Kuvu nyingine hukaa mizizini mwa miti iliyo hai, zikaipatia fosforasi ya ardhini, nayo miti ikazipa sukari iliyotengenezwa huko juu kwenye mwanga. Hata okidi, ambayo mbegu yake ni kama vumbi na haina akiba ya kutosha, porini haioti mpaka kuvu iilishe.

Nikiutafakari uhai huo wa kivulini, nikamkumbuka mama mmoja wa usharika wetu anayemuuguza mumewe aliyepooza, mwaka wa nne sasa. Kwenye kwaya haonekani, kwenye matangazo hatajwi. Siku zote nimemwombea atoke katika maisha yale, kana kwamba Mungu hayumo mle. Nilikosea. Imani yake imekomaa mle mle, na ndiye aliyenifundisha kuomba kwa maneno machache.

Ila tusilifanye somo hili la ua kuwa neno la kumnyamazisha mama yule. Ua lile linaishi kwa sababu miti iliyo juu yake inatunza unyevu. Miti ikikatwa, jua huingia, mwamba hukauka, nalo ua hufa. Mama yule anatuhitaji vivyo hivyo, na mara nyingi hatukuwapo.

Kwa hiyo nawaomba. Mzee wa kanisa wa mtaa wenu anazijua nyumba zenye wagonjwa. Mwulizeni. Jumamosi hii nendeni wawili wawili, mkateke maji, mkakae na mgonjwa saa mbili tatu, ili anayeuguza naye apate kulala.