Mungu, Radi na Tusilolijua

Tarehe 14 Desemba 2009, setilaiti ya Fermi ya shirika la anga la Marekani, NASA, ilikuwa ikipita juu ya Misri ilipofikiwa na kundi la chembe zilizotoka kwenye dhoruba ya radi nchini Zambia, umbali wa takriban kilomita 4,500. Dhoruba yenyewe ilikuwa imefichwa na mviringo wa Dunia, kwa hiyo miali yake ya gama isingeweza kuifikia setilaiti moja kwa moja. Kilichofika ni elektroni, pamoja na positroni, chembe za antimata ambazo zinalingana na elektroni kwa uzito lakini zina chaji chanya, na zote zilisafiri kwa kufuata uga wa sumaku wa Dunia kutoka kusini hadi kaskazini. Positroni inapokutana na elektroni, zote mbili huangamia na kugeuka kuwa miali ya gama yenye nishati ya elektroni-volti 511,000. Alama hiyo ndiyo iliyosomwa na vipokezi vya Fermi. Wingu la mvua, la aina ambayo kila mkulima wa ukanda huu amewahi kulikimbia, lilikuwa limezaa antimata. Habari hii ni ya fizikia, lakini inaligusa swali la zamani la imani: lile tusilolielewa lina uhusiano gani na Mungu?

Jibu lililozoeleka ni kwamba ujuzi wetu unapokoma ndipo kazi ya Mungu inapoanzia. Waumini wengi hulisema kwa unyenyekevu wa kweli. Ajabu ni kwamba wengi wasioamini nao wanalikubali, ila wanaligeuza: kwa kuwa ujuzi unazidi kusonga mbele, nafasi ya Mungu inazidi kupungua, na siku moja itakwisha. Pande hizi mbili hugombana kwa ukali, lakini zinapiga hesabu ile ile, kwamba kila jambo linaloelezwa hutolewa kwenye fungu la Mungu. Nadai kwamba hesabu hiyo ni kosa tangu mwanzo, na historia ya miali ya gama inaonyesha kosa liko wapi.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovyeti zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kutolipua silaha za nyuklia angani, chini ya maji wala katika anga za juu. Wamarekani hawakuwaamini wenzao, wakarusha setilaiti zilizoitwa Vela ili zivizie mlipuko wa siri. Tarehe 2 Julai 1967 zilinasa mwako wa gama usiofanana na bomu lolote. Ray Klebesadel na wenzake wa maabara ya Los Alamos waliuweka kando, wakasubiri setilaiti bora zaidi, kisha wakapima tofauti ndogo za wakati mwako mmoja ulipozifikia setilaiti mbalimbali. Vipimo hivyo viliwawezesha kusema kwamba miako hiyo haikutoka duniani wala kwenye Jua. Walipochapisha taarifa yao mwaka 1973 walikuwa na miako 16. Kwa zaidi ya miaka ishirini iliyofuata, wanasayansi walitoa nadharia zaidi ya mia moja bila kukubaliana hata kuhusu umbali: je, inatoka jirani, ndani ya galaksi yetu, au mwisho wa ulimwengu? Mwezi Februari 1997 setilaiti ya BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, ilifanikiwa kuona mabaki ya mwako mmoja yakififia, darubini zikaelekezwa hapo, na mwaka huo huo ikathibitika kwamba mwako mwingine ulitoka mabilioni ya miaka ya nuru. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130, zilitikisa vipima-mawimbi vya mvutano, na chini ya sekunde mbili baadaye Fermi ikapokea mwako wao wa gama. Mtu aliyejenga imani yake juu ya fumbo la mwaka 1967 angejikuta miaka thelathini baadaye anawaombea wanasayansi washindwe. Imani inayohitaji dua ya namna hiyo imekwisha kujidhuru.

Upande wa pili nao una mzigo wake. Tangu Benjamin Franklin alipoonyesha, katikati ya karne ya 18, kwamba radi ni umeme, wengi waliona habari ya ngurumo imekwisha: jambo kubwa la mababu limegeuka cheche. Mwaka 1925 Mskoti C.T.R. Wilson alitabiri kwamba nguvu za umeme ndani ya mawingu zingeweza kuzikimbiza elektroni hadi mwendo wa kutisha, lakini vyombo vya wakati wake havikuweza kulithibitisha jambo hilo kikamilifu. Kisha Gerald Fishman na wenzake, waliokuwa wakitafuta miako ya mbali kwa chombo cha BATSE kilichorushwa mwaka 1991, wakakuta miako mifupi mno inayotoka chini, kwenye Dunia, juu ya maeneo yenye dhoruba. Walitangaza mwaka 1994. Chombo chao kilipangwa kushtuliwa na ongezeko la miali katika vipindi visivyopungua sehemu 64 za elfu za sekunde, na miako ya radi mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya elfu. Mingi ilikuwa imewapita. Baadaye setilaiti ya Italia iitwayo AGILE, iliyozunguka karibu kabisa na mstari wa ikweta, iliendelea kuikusanya miako hiyo na kuteremsha takwimu zake kwenye kituo cha Malindi, pwani ya Kenya. Kwa hiyo aliyedhani kwamba radi imeelezwa hadi kumalizwa alikosea sawasawa na yule aliyedhani kwamba fumbo la angani halitafumbuliwa kamwe. Mmoja alikadiria ujuzi kupita kiasi, mwingine alikadiria ujinga kupita kiasi, na hakuna kati yao aliyekuwa amesema neno juu ya Mungu.

Vitabu vitakatifu vyenyewe vinasaidia hapa. Sura ya 13 ya Qurani inaitwa Radi, na ndani yake radi inahesabiwa miongoni mwa wanaomtukuza Muumba. Zaburi ya 29 inaisikia sauti ya Bwana katika ngurumo. Hakuna mahali, katika sura ile wala zaburi ile, pasemapo kwamba radi inamtukuza kwa sababu hatujui inavyofanya kazi. Ikiwa ni ishara, ni ishara ikiwa imeeleweka na ikiwa haijaeleweka. Sharti la ujinga tumeliongeza sisi.

Na sharti hilo lina gharama, tena hapa kwetu linalipwa kwa damu. Penye pengo la maelezo haingii Mungu peke yake. Katika ukanda wa Ziwa Viktoria na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, mtu akiuawa na radi wapo watakaosema ametumiwa, na aliyeituma hutafutwa kijijini: mara nyingi ni kikongwe asiye na mtetezi. Mhubiri anayefundisha kwamba jambo lisiloelezwa lazima lina mkono nyuma yake amekwisha kumpa mshtaki nusu ya hoja; iliyobaki ni kuutaja mkono wa nani. Kwa hiyo naliona suala hili kuwa zito kuliko mabishano ya darasani.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni la unyenyekevu: mwanadamu amepewa elimu kidogo, basi na aache mambo mengine. Nakubali kwamba tumepewa kidogo. Lakini Klebesadel na wenzake walisubiri miaka kadhaa kabla ya kutangaza jambo walilokuwa nalo mkononi, wakijihoji kama hawajadanganywa na Jua au na vyombo vyao. Sioni ni wapi unyenyekevu huo unapungukiwa ukilinganishwa na wa anayeacha kuuliza.

La pili ni kali zaidi, nalo hutoka kwa asiyeamini: kama Mungu yupo katika kinachojulikana na kisichojulikana kwa kiasi kile kile, basi kumtaja hakuelezi chochote, na kisichoeleza chochote kiachwe. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni sahihi, na muumini aikubali bila kunung'unika. Kumtaja Mungu hakuongezi hata namba moja kwenye hesabu za elektroni zilizotoka Zambia. Ila hitimisho halifuati. Daktari anayejua tezi zinazotoa machozi hajapata sababu ya kusema kwamba mfiwa hana huzuni. Ameeleza njia ya machozi, na swali la huzuni liko palepale. Kwamba kuna ulimwengu wenye utaratibu, na kwamba mwako uliotoka umbali wa miaka ya nuru milioni 130 unaweza kusomwa na kiumbe aliyechipuka juzi, ni mambo ambayo fizikia huanza nayo. Muumini na asiyeamini wanaweza kutofautiana juu yake kwa heshima, mradi wasisingizie kwamba kipokezi cha gama kitawaamulia.

La tatu ndilo linaloniumiza. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Kama radi ni ishara, kwa wazazi wale ni ishara ya nini? Sina jibu la kuwapelekea, na namshuku yeyote aliye nalo tayari. Nasema tu kwamba anayemweka Mungu mahali pa ujinga ana hali mbaya zaidi mbele yao, kwa kuwa lazima aseme Mungu aliwachagua watoto hao. Anayekubali kwamba chaji hutafuta njia ya kwenda ardhini, bila kuchagua mtu, anaweza kulia nao na kesho yake kudai kinga ya radi kwenye kila paa la shule. Mwaka 1755, baada ya tetemeko la Boston, mchungaji Thomas Prince alihofia kwamba fito za chuma za Franklin za kukinga radi zilikuwa zinaijaza ardhi umeme. Zilibaki juu ya nyumba, na hakuna fundisho la msingi la Ukristo lililoanguka.

Hata leo haijaelezwa kikamilifu radi inaanzaje. Vipimo vinavyochukuliwa ndani ya mawingu kwa kawaida huonyesha nguvu za umeme zilizo pungufu ya zile zinazohitajika kuivunja hewa, na wapo wanaofikiri kwamba elektroni zile zile za Wilson zina sehemu katika jibu. Mwanafunzi wa fizikia anayeswali au kusali ana kila haki ya kutamani jibu hilo lipatikane akiwa hai, na aliyemfundisha dini hana sababu ya kumwombea kinyume.