Je, Mji Humtakasa Mtu?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Limetufikia swali kutoka kwa baadhi ya vijana wetu, wake kwa waume, waliosoma, wenye kazi, na ambao Mwenyezi Mungu amewaruzuku cha kutumia. Wasema kwamba nyoyo zao zimechoka, na kwamba kelele za mji na mashaka ya kazi hayawapi nafasi ya kutulia. Nao wamesikia kuwa katika Bara Hindi iko miji inayoendewa na watu wa kila taifa kwa kujifunza yoga na kukaa faragha, ili kutafuta raha ya roho. Wauliza: Je, yafaa twende? Na tukienda, tuchague mji gani?

Swali hili si la kuchekwa, wala si la kujibiwa kwa neno moja tu kisha mlango ukafungwa. Mwenye kumfukuza mtu mwenye kiu kwenye kisima, asimwonyeshe kisima kingine, hakumnasihi, amemwongezea kiu.

Natuanze na miji yenyewe. Mashuhuri kabisa ni Rishikesh, mahali ambapo mto wa Ganga watoka katika milima ya Himalaya. Mto huo ni mtukufu kwa Wahindu, na mji umejaa mahekalu na nyumba za watawa wao. Swami Sivananda aliasisi jumuiya yake huko mwaka 1936, na mwaka 1968 walipokwenda waimbaji wa Kiingereza waitwao Beatles, jina la mji likaenea dunia nzima. Mji wa pili ni Mysore, upande wa kusini, ambako katika miaka ya 1930 mwalimu Krishnamacharya alifundisha katika jumba la mfalme, akatilia mkazo mazoezi ya viungo. Mwanafunzi wake mmoja, B.K.S. Iyengar, alifungua chuo katika mji wa Pune mwaka 1975. Basi miji hii haiko sawa: mmoja ibada imetangulia, na mingine mwili umetangulia. Walakini hata katika hiyo ya mwili, darasa aghlabu hufunguliwa kwa maombi ya dini yao.

Maulamaa wa zama zetu wamelitazama jambo hili. Baraza la fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi mwaka 2008 wa kuwakataza Waislamu yoga. Baraza la maulamaa wa Indonesia, mwaka 2009, likapambanua: yenye maneno ya ibada ya kigeni ni haramu, na iliyo mazoezi ya mwili matupu haina ubaya. Sisi twaelemea upambanuzi huu wa pili. Kunyosha mgongo na kuvuta pumzi kwa utaratibu si mali ya dini yoyote. Ama kumtukuza asiyekuwa Mwenyezi Mungu, hata kwa lugha usiyoifahamu, hakuwi mazoezi kwa kuwa umevaa nguo za mazoezi. Wala mtu asidhani kwamba kuijua elimu ya watu wengine ni kuifuata. Al-Biruni, mwanachuoni wetu mkubwa, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali juu ya yoga yapata miaka 1,000 iliyopita, naye akabaki na Uislamu wake. Alisoma ili ajue, hakusoma ili aabudu.

Lakini liko swali lililo nyuma ya swali hili, nalo ndilo kubwa zaidi: Je, mji humtakasa mtu?

Katika masahaba hakuna aliyestahiki kulijibu kuliko Salman Al-Farisi (Mungu amuwie radhi). Yeye alizaliwa Uajemi katika nyumba ya waabudu moto, akatoka kwao kuitafuta haki. Akaenda Sham, kisha Mosul, kisha Nasibin, kisha Ammuriya, na kila mji alikaa kwa mcha Mungu mmoja mpaka mcha Mungu huyo alipokufa. Mwisho akauzwa utumwani, na utumwa ndio uliomfikisha Madina kwa Mtume (s.a.w.). Baadaye, sahibu yake Abu Dardai aliyekuwa kadhi Sham alimwandikia barua kumwalika katika nchi takatifu. Jibu la Salman, lililopokewa na Imam Malik, maana yake ni kuwa ardhi haimtakasi mtu yeyote. Kimtakasacho mtu ni amali yake. Natuzingatie: hili halikusemwa na mtu asiyetoka kwao. Limesemwa na aliyezunguka miji mitano akitafuta. Alijua kwamba hakuwa akifuata miji. Alikuwa akifuata watu na ukweli waliokuwa nao.

Pengine mtu atatuhoji: mbona katika hadithi ya yule muuaji wa watu 99, aliyemalizia na wa 100, aliambiwa auhame mji wake aende mji mwingine? Naam, aliambiwa hivyo. Lakini sababu iliyotajwa ni kwamba huko mna watu wanaomwabudu Mungu, na kwao mna watu waovu. Mji kwa hivyo una maana, na maana yake ni watu wake. Ama kufunga safari kwa ajili ya utukufu wa mahali penyewe, Mtume (s.a.w.) ametuwekea misikiti mitatu tu: wa Makka, wa Madina na wa Aksa.

Hukumu hii haiwahusu waendao Bara Hindi peke yao. Wako miongoni mwetu wafungao safari kwenda makaburini, wakiamini kuwa udongo wa huko una baraka usiokuwa nayo udongo wa kwao. Tukimlaumu kijana kwa Rishikesh na tukamnyamazia mzee kwa kaburi, hatukuhukumu kwa haki.

Kwa hivyo mwenye kutaka kusafiri kwa ajili ya roho yake, sisi twampa maswali matatu ajiulize kabla ya kukata tikiti.

La kwanza: Nakwenda kwa nani, naye ataniita kwa Mola gani? Siku hizi vyuo vingi vya yoga hutoa shahada ya saa 200, aghlabu kwa muda wa mwezi mmoja. Utulivu wa moyo haupimwi kwa saa.

La pili: Namwacha nani nyuma? Salman huyo huyo alimkataza Abu Dardai kufunga na kusali kupita kiasi hata akamsahau mkewe, na Mtume (s.a.w.) akamsadiki. Mtu mwenye mama mzee asiyeweza kunyanyuka kitandani, au mwenye deni lililofika muda wake, faragha yake iko pale pale alipo.

La tatu: Nitarudi na nini, na kwa faida ya nani? Imam Ghazali aliacha cheo chake Baghdad mwaka 1095, akawawekea watoto wake kiasi cha kuwatosha, akakaa faragha Damaski na Baytul Makdis. Lakini mwaka 1106 alirudi kusomesha, huko Nishapur. Na Mtume wetu alishuka kutoka pango la Hira, akawarudia watu.

Tumalizie kwa neno la kuwaambia wazee na maimamu. Vijana hawa hawauzi dini yao. Watafuta mahali pa kunyamaza. Nasi tuna itikafu, sunna iliyo hai, isiyohitaji pasi wala tikiti. Lakini misikiti yetu mingapi hufungwa kwa kufuli punde baada ya sala? Mingapi ina mwalimu wa kukaa na kijana aliyechoka, akamsikiliza kabla ya kumkemea? Mingapi imemtengea mwanamke pembe ya kukaa na Mola wake? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini arejeapo akakuta ngama imefungwa, atalala wapi?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo za vijana wetu kwa kumtaja Yeye, na azifungue nyoyo zetu kabla ya milango yetu. Amin.