Ua la Harufu Nzuri na Wajibu wa Anayelipanda

Katika parsele nyingi za Goma kuna kile kichaka cha maua marefu yanayoinama chini kama tarumbeta. Wengi tunakiita datura. Kinakubali kivuli cha mti wa avoka, na jioni kinatoa harufu tamu, hata mpita njia anasimama. Lakini majani yake, maua yake na mbegu zake, vyote ni sumu. Mtu akivila, mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, akili inapotea, na anaweza kufa.

Je, ni haki kupanda kitu cha namna hii nyumbani?

Wengine watasema sumu haina nafasi kwenye lupango. Lakini wazee wetu walizungushia nyumba zao miyenzi, ile miti ya maziwa meupe yanayounguza macho. Na muhogo mchungu unaotupa bugali una sumu pia. Ndiyo sababu tunaulowesha majini siku kadhaa. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na datura vilevile. Tofauti ni hii: muhogo tuliupokea pamoja na mafundisho yake, mama akamwonyesha binti yake. Datura tuliipokea kwa harufu tu.

Mimi mwenyewe nina kosa. Mama jirani aliniomba kitawi, juu kinaota kwa kuchomeka tu. Nikampa, nikanyamaza. Usiku nikakumbuka mtoto wake anayetambaa. Asubuhi nikaenda kumueleza. Akaniuliza: «Mwalimu, kama ulijua, juu ya nini hukuniambia jana?» Sikuwa na jibu. Akaking'oa mbele yangu.

Tangu siku ile naona hivi: anayetoa mche atoe na neno lake. Walakini neno linamlinda tu yule anayeweza kulisikia. Mtoto wa mwaka mmoja anajifunza dunia kwa mdomo, si kwa masikio. Na hapa kwetu parsele moja inakusanya jamaa nyingi. Watoto hawajui mpaka. Basi pale wanapotambaa, ua lisubiri kwanza. Wakisha kukua, lipandwe, nao wafundishwe jina lake na hatari yake. Kichaka changu pia nimekikata.

Na wewe msomaji, ule mche uliomgawia jirani, ulimpa pamoja na maneno yake?