'Hapakaliki': nani kapafanya pasikalike?



Mwezi uliopita niliitwa kusuluhisha mume na mke mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam. Mume alianza hivi: "Sheikh, nyumba haikaliki, nataka kuhama." Nikamuuliza kwa nini. Akajibu: "Haikaliki tu."

Neno hili sisi watu wa mjini tunalipenda. Mtaa haukaliki, nchi haikaliki. Lakini litazameni vizuri. Limetokana na kukaa, na jinsi lilivyoundwa halimtaji mtendaji. Haikaliki, basi, kana kwamba imenyesha mvua! Wakati mwingine ni mvua kweli. Bonde la Msimbazi lilipofurika Desemba 2011, hapakukalika, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. (Takataka tunazotupa mtoni sizisemi leo.)

Makka nako hapakukalika. Lakini Qur'ani haikuishia hapo. Suratul-Hajj, aya ya 40, inawataja waliotolewa majumbani mwao pasi na haki, kwa sababu tu walisema Mola wao ni Allah. Waliotolewa wana waliowatoa. Hao walikuwa na haki ya kuhama, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe ndiye aliyewaelekeza Masahaba Uhabeshi, kwa mfalme asiyedhulumu.

Sasa mtazameni Kaab bin Malik (r.a.). Hakwenda Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, na udhuru hakuwa nao. Wanafiki walileta visingizio. Yeye alikiri kosa. Watu wakakatazwa kusema naye, zikapita siku 50, dunia ikambana licha ya upana wake, kama tunavyosoma katika Suratut-Tawba, aya ya 118. Madina ile ile, nyumba ile ile! Mfalme wa Ghassan akamwandikia barua ahamie kwake, atatukuzwa. Kaab akaitupa barua ndani ya tanuri. Alijua kilichombana hakikutoka kwa majirani.

Nilimsimulia yule ndugu kisa hiki, kisha nikamuuliza: nani kaifanya nyumba isikalike? Akasema mke ana mdomo. Mke, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kodi haijalipwa miezi mitatu, na mwenye nyumba akija kugonga ni yeye anayefungua mlango.

Mume akainamisha kichwa. Tumepanga kukutana tena Jumamosi, baada ya Alasiri.