Jembe la Mgeni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kumkumbusha mgeni wajibu wake. Ni mara chache tunapouliza swali linalofuata: akishalishika jembe na kulima, je, ana kauli katika mambo ya shamba?

Makhan Singh alilijibu swali hilo kwa maisha yake. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Mwaka 1935 alishika ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na chama hicho kikawafungulia mlango wafanyakazi wa kila rangi. Ukoloni ulikuwa umewapanga watu kwa madaraja, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na ujira ukafuata mpango huohuo. Kuufungua mlango ule kulikuwa kuibomoa ngazi aliyosimama juu yake mwenyewe.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa. Hakuachiwa hadi mwaka 1961.

Lipo pingamizi la haki: mgeni amsemeaye mwenyeji huweza kumpokonya kauli. Sisi wa ughaibuni tunaijua hatari hiyo kutoka pande zote mbili. Lakini Makhan Singh aliileta hoja yake mbele ya mkutano uliokuwa na uwezo wa kuikataa, kisha akailipia mwenyewe, miaka kumi na moja na ushei. Hapo ndipo ninapoiona tofauti: msemaji wa haki huacha nafasi ya kukanushwa, wala hamtwishi mwingine deni la maneno yake.

Uhuru ulipopatikana hakupewa cheo kikubwa. Wapo wanaoliita jambo hilo dhuluma. Mimi nasita, kwani mateso peke yake hayampi mtu haki ya kutawala. Alichostahili ni kutoitwa mgeni tena, na hilo halihitaji bajeti ya serikali.

Nayaandika haya katika nchi ambayo nimeilima miaka mingi. Kila mwaka huulizwa nitarudi kwetu lini, nami kwa adabu hutaja mwezi wa likizo. Safari hii nimeamua kujibu kwa swali: mkutano wa chama cha wahadhiri ni lini?