Fadhila ya Mzuiaji

Matendo ya wanadamu ni ya namna mbili. Yako yaletayo jambo ambalo halikuwapo, na yako yazuiayo jambo lisiwepo. Aliyejenga nyumba huonyesha nyumba. Aliyezima cheche kabla haijawa moto hana la kuonyesha ila nyumba ile ile ambayo kila mtu alikuwa akiiona tangu jana. Wa kwanza husifiwa, na sifa zake ni haki. Wa pili aghalabu hupita kimya, na pengine hulaumiwa kwa maji aliyoyamwaga sakafuni. Swali listahililo kufikiriwa ni hili: jamii ina deni gani kwa mtu ambaye wema wake wote ni jambo ambalo halikutokea?

Mchezo wa mpira wa miguu hulileta swali hili karibu na macho, kwa maana uwanjani kazi hizi mbili zimegawanywa waziwazi. Mshambuliaji ni mtu wa kuleta. Beki ni mtu wa kuzuia. Bao likifungwa, ubao huandika, mtangazaji hupaza sauti, na jina la mfungaji hulala midomoni mwa watoto usiku ule. Bao likizuiwa, ubao husema sifuri, na sifuri haina jina la mtu. Beki mwenye akili husoma mwendo wa wapinzani akasogea hatua mbili kushoto kabla pasi haijapigwa. Mwenye mpira huona njia imezibwa, akaurudisha nyuma. Maelfu ya watazamaji hawakuona kitu, wala hapana kitu kilichotokea. Lakini kutotokea huko ndiko kazi yenyewe.

Makosa ya beki, kinyume cha hayo, huonekana na wote. Akichelewa nukta moja, mguu wake hukuta mguu wa mtu badala ya mpira. Filimbi hulia, kadi hutolewa, penalti hupigwa. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga mara ya sita, ni shujaa. Beki akiokoa mara tano akakosa mara ya sita, ni mkosaji. Vitabu vya mchezo vina safu ya mabao na safu ya kadi. Safu ya hatari zilizozimwa ni nadra kuonekana. Hivyo maisha ya kazi ya beki, tangu ujana wake mpaka siku magoti yakataapo, huandikwa katika daftari lenye ukurasa mmoja tu, nao ni ukurasa wa makosa.

Jambo hili lilipata kuonekana kwa dhahiri mjini Bukoba, katika uwanja wa Kaitaba, msimu wa 2016/2017. Uwanja huo ulikuwa nyumbani kwa timu ya Kagera Sugar, na mwalimu wa timu alikuwa Mecky Maxime, aliyepata kuwa beki wa kulia na nahodha wa Mtibwa Sugar na wa timu ya taifa. Alikuwa mtu aliyeijua kazi ya kuzuia kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kuifundisha kwa kinywa. Msimu ule timu yake ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba.

Tarehe 2 Aprili 2017 Simba, waliokuwa wakiwania ubingwa, walikuja Kaitaba wakafungwa mabao 2 kwa 1. Baada ya mchezo wakaleta malalamiko. Walisema kwamba Mohamed Fakhi, beki wa Kagera Sugar, hakustahili kucheza siku ile, kwa sababu alikuwa na kadi tatu za njano, na kanuni ya ligi ya wakati huo ilimtaka mwenye kadi tatu akae nje mchezo unaofuata. Kagera Sugar wakakana. Walisema kuwa kadi moja kati ya hizo, iliyodaiwa kutolewa katika mchezo wa msimu huo dhidi ya African Lyon, haikutolewa kabisa. Katikati ya mwezi kamati iliyosimamia uendeshaji wa ligi, ijulikanayo kwa jina la Kamati ya Saa 72, iliwapa Simba pointi 3. Kabla mwezi haujaisha, kamati nyingine ya shirikisho, ile ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji, iliitengua hukumu ile kwa sababu zilizohusu utaratibu wa shauri, na pointi zikarudi Bukoba. Ligi ilipokwisha, Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakatwaa taji kwa tofauti ya mabao.

Mabishano yalikuwa makali, na watu wengi walihesabu pointi. Beki mwenyewe hakufikiriwa sana. Alikuwa amecheza mchezo wake mbele ya umati. Juu ya kazi yake ya siku ile hapakuwa na shauri. Shauri lilikuwa juu ya alama moja katika kitabu: iliandikwa kwa haki au haikuandikwa kwa haki? Taji la nchi nzima likaning'inia juu ya alama hiyo. Hapa ndipo fikira inapolazimika kuuliza: kosa la mtu liko wapi, katika tendo au katika daftari?

Wako wasemao kuwa kosa liko katika tendo. Kwa hoja yao, mguu ukimwangusha mtu na mwamuzi akainua kadi, kadi ipo, hata kama mwandishi alisinzia. Kalamu haiumbi kweli, huifuata tu. Wako wengine wasemao kuwa kosa la kisheria liko katika daftari. Pasipo maandishi, wasema hao, kila mtu atakuwa na kadi za kumbukumbu yake mwenyewe, na kumbukumbu ya mwenye nguvu itashinda kumbukumbu ya mnyonge. Wote wawili wana sehemu ya kweli. Mbele ya dhamiri tendo latosha, kwa kuwa mtendaji anajijua. Mbele ya watu maandishi yatakiwa, kwa kuwa watu hawaoni ndani ya moyo.

Lakini hoja ya pili ina sharti ambalo wenye kuishika husahau kulitaja. Sheria imtakayo mtu ahukumiwe kwa daftari ina deni la kumwekea daftari la kweli. Deni hili ni kwa wote, ila kwa mzuiaji ni zito zaidi. Mwandishi akikosea kadi moja ya mshambuliaji, mabao ya mshambuliaji yatasimama kumtetea. Beki hana shahidi wa namna hiyo. Mema yake yalikwenda na upepo siku yalipotendwa. Lililobaki ni ukurasa wa makosa. Ukurasa huo nao ukiandikwa kwa uzembe, hana tena mahali palipobaki ambapo mtu aweza kumjua kwa haki. Kwa hiyo mwandishi wa makosa ya mzuiaji anashika mkononi jambo kubwa kuliko adhibwavyo kudhani.

Beki naye ana wajibu wake. Hili halisemwi juu ya mtu fulani, bali juu ya kazi yenyewe. Mtu ambaye mema yake hayaonekani hujaribiwa sana kuyaficha makosa yake pia, akijiambia kuwa ulimwengu ulimdhulumu kwanza. Akifanya hivyo huvunja dai lake mwenyewe. Anayetaka daftari la kweli sharti awe wa kwanza kuhesabu kadi zake, hata zile zilizomponyoka mwandishi.

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni mchezo tu. Watu wa Bukoba hawahitaji kufundishwa tofauti ya mchezo na msiba. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, nyumba zikaanguka juu ya wenyewe, na miili ya waliokufa ikaagwa katika uwanja huo huo wa Kaitaba. Lakini yaliyomo katika mchezo yamo pia katika maisha ambayo si mchezo, na mfano hauko mbali. Kusini mwa Bukoba iko wilaya ya Muleba, nchi ya vibanja vya migomba, kahawa na maharage. Huko ndiko mnyauko wa migomba ulikogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, mwaka 2006. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Huchukuliwa na wadudu watuao juu ya ua la mgomba, na huchukuliwa na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Majani hugeuka njano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani yake huwa zimeoza. Dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha shikwa haipo. Iliyopo ni kinga. Mkulima hana budi kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kulipitisha panga motoni kabla ya kugusa shina jingine, na kung'oa kwa uchungu mgomba uliougua.

Mkulima afanyaye hayo mwaka mzima, mwisho wa mwaka ana nini cha kuonyesha? Ana kibanja kile kile alichokuwa nacho. Jirani aweza kumcheka kwamba alijisumbua bure, kwani ugonjwa haukuja. Siku moja ikitokea akatumia panga la kuazima bila kulichoma, kijiji kizima kitasema kuwa mnyauko uliingilia kwa fulani. Huyu naye ni beki, na daftari lake lina ukurasa ule ule mmoja.

Haisemwi hapa kuwa kila kuzuia ni wema. Yuko azuiaye haki isipite, na yuko beki avunjaye miguu ya watu kwa kuwa hakujaliwa akili ya kuufikia mpira. Wala hapana timu iliyopata ushindi kwa kuzuia peke yake. Lazima mtu mmoja aende mbele akafunge. Kuzuia hupata thamani kutokana na jambo linalozuiwa na njia inayotumika kulizuia. Yakiwa mawili hayo ni mema, mzuiaji ni sawa na mletaji, na tofauti iliyobaki ni ya macho ya watazamaji tu. Hata ubingwa wa mwaka 2017 uliamuliwa hivyo. Tofauti ya mabao ni hesabu ya mabao ya kufunga yakitolewa mabao ya kufungwa, na ndani ya hesabu hiyo imo kila hatua ya kila beki aliyeziba njia bila kuonwa.

Dharau kwa wazuiaji ina gharama, na gharama hiyo watu wa Ziwa wanaijua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, na mamia wakafa. Na tufikiri kuwa katika gati angesimama mtu mmoja akasema, "Imejaa, hapana atakayepanda tena," akashikilia neno lake. Wangalimtukana. Wangalimwita mkaidi, adui wa safari za watu. Meli ingalifika salama, na matusi yale yasingalifutwa kamwe, kwa kuwa hapana mtu ambaye angalijua ameokolewa na nini. Mtu atazamiaye malipo kama hayo huona afadhali anyamaze. Basi jamii ihesabuyo makosa tu ya wazuiaji wake huwafundisha kukaa kando, na siku ya hatari hukuta mlango hauna mlinzi.

Kwa hiyo deni lililoulizwa mwanzoni laweza kutajwa. Si shangwe, kwa sababu mtu hawezi kushangilia asichokiona, na beki wa kweli hakuichagua kazi yake kwa ajili ya shangwe. Deni la kwanza ni ukweli wa daftari: kosa lake liandikwe kama lilivyokuwa, lisizidishwe wala lisipunguzwe, na liandikwe siku ile ile na mtu aliyeliona. La pili ni subira ya hukumu: kabla ya kumlaumu kwa bao moja lililoingia, aulizwe mtazamaji ni mangapi hayakuingia. Swali hilo halina jibu la hesabu, lakini mwenye kuliuliza kwa unyofu hunena kwa upole zaidi.

Na jioni moja pale Kaitaba, wakati watu wanaporudi makwao na upepo wa Ziwa ukivuma, ubao ukisoma sifuri upande wa wageni, haitakuwa vibaya mtu mmoja akiugeukia kabla hajatoka, akakumbuka kuwa sifuri ile haikujiandika yenyewe.