MIZANI YA DHAHABU NA MTETEMO WA MBINGU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Na ijulikane, enyi watu wa Geita na Shinyanga, ya kwamba dhahabu muichimbayo haikuzaliwa katika ardhi hii. Miamba ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, walakini dhahabu iliyomo ni ya kale kuliko miamba, na kuliko jua.

Wajuzi wa falaki wasema ziko nyota zilizokufa zikajibana, hata uzito upitao wa jua ukakusanyika katika upana wa kilomita zipatazo 20. Zikiwa mbili pamoja huzungukana, hukaribiana, na mwisho hugongana. Katika mgongano huo huzaliwa dhahabu na madini mengine mazito, na anga yenyewe hutetemeka, mawimbi yakaenea mfano wa maji ya ziwa yaliyotupiwa jiwe. Einstein aliyataja mawimbi ya namna hii mwaka 1916, kwa hesabu tu.

Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mgongano kama huo yalifika duniani, baada ya safari ya miaka ipatayo milioni 130. Yalipokewa na mitambo miwili ya Marekani iitwayo LIGO, na mtambo wa Virgo wa Italia ukasaidia kujulisha upande yalikotoka. Kila mtambo wa LIGO una mikono miwili ya kilomita 4, na urefu wake hupimwa kwa nuru. Mtetemo ule uliibadili mikono hiyo kwa kiasi kidogo mno kuliko kiini cha atomu. Zikapita saa zipatazo 11, darubini iliyoko Chile ikaiona nuru ya mgongano. Na katika nuru hiyo zikaonekana dalili za madini mazito.

Asidhani mtu kuwa dhahabu ya Geita yatoka katika mgongano huo. Huo ni mfano tu wa mambo yaliyopita kabla ya ardhi kuwako.

Basi zingatieni. Ikiwa viumbe dhaifu wameweza kuupima mtetemo mdogo hivyo kutoka mbali hivyo, vipi mnunuzi adhani ya kuwa chembe aliyoipunja katika mizani imepotea kwa Muumba? Vipi mwenye duara amnyime mchimbaji fungu lake la mawe, akadhani halikuandikwa? Asome Sura ya Al-Mutaffifin.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, dhahabu itolewayo mgodini ikifika mithkali 20, nazo ni gramu 85 hivi, zaka yake ni fungu 1 katika 40. Haingoji mwaka kutimia. Hutolewa ikiisha kusafishwa. Karuni alidai mali yake ni matunda ya elimu yake, akadidimizwa yeye na nyumba yake. Na mchimbaji ajua vema maana ya kufunikwa na ardhi.

Mwenyezi Mungu awajaalie wachimbao na wanunuao mizani ya haki. Amin.